Ngozi mgongoni mwa upinde

Upinde huvunjikia mgongoni. Mpigaji anapovuta upote, upande unaomtazama yeye, ambao mafundi huuita tumbo, hubanwa. Upande wa pili unaotazama shabaha, yaani mgongo, hunyooshwa. Mti ukibanwa kupita kiasi hutoa dalili: hufanya mikunjo midogo, hulegea, hubaki umejipinda hata upote ukifunguliwa, na mwenye upinde anapata nafasi ya kuuweka kando. Mti ukinyooshwa kupita kiasi hautoi ilani. Uzi mmoja hunyanyuka mgongoni, ufa unaufuata, na mtu anabaki na vipande viwili vinavyoning'inia kwenye upote.

Kwa sababu hiyo wachonga pinde wa sehemu nyingi za dunia wamezoea kubandika kitu mgongoni. Wako wanaobandika kano, wako wanaobandika ubapa wa mwanzi, wako wanaotumia kitani au hariri, na wengi hubandika ngozi: ya mbuzi, ya ndama, ya paa, ya nyoka. Siku hizi kazi hiyo imefufuka Marekani na Ulaya miongoni mwa watu wanaochonga pinde kwa kujifurahisha. Baadhi yao hununua ile mifupa ya ngozi mbichi inayouzwa madukani ili mbwa watafune, wakailoweka, wakaikunjua na kuipaka gundi. Bei ni nafuu, ngozi ni safi, na mbwa hana habari.

Nimeamua kulitazama jambo hili kutokea Buwenge, mji mdogo wa wilaya ya Jinja kwenye barabara ya kwenda Kamuli, katikati ya mashamba ya miwa. Si mji wa wapiga mishale. Ukizunguka hapo ukitafuta mtu wa kukuchongea upinde wa kuwindia, huenda ukarudi na manati. Lakini ukitafuta watu wanaojua ngozi inavyofanya ikilowa, ikikauka, ikivutwa na ikishikana na mti kwa miaka, umefika penyewe, maana Busoga ni nchi ya ngoma.

Tazama vyombo vinavyopigwa kwenye harusi na misiba ya Busoga. Kuna ngoma kubwa za ngozi ya ng'ombe, zilizofungwa juu na chini, huku kamba za ngozi iliyosokotwa zikipita ubavuni kukaza pande zote mbili. Kuna engaabe, ngoma ndefu nyembamba ya upande mmoja, ambayo Waganda huiita engalabi. Mdomo wake huwambwa ngozi ya kenge na kupigiliwa pembeni. Kuna kinubi cha bakuli, ambacho Waganda hukiita endongo, na ambacho nacho kifua chake ni ngozi ya kenge. Kuna endingidi, zeze la uzi mmoja, lenye kopo la mti lililofunikwa ngozi upande mmoja, na ambalo, kwa bahati nzuri kwa makala hii, hupigwa kwa upinde mdogo wa kijiti na nyuzi za katani. Embaire peke yake, ile marimba kubwa ya Busoga inayolazwa juu ya shimo, ndiyo inayojitegemea kwa mti mtupu.

Ukivuka kwenda Mbale, kila mwaka wa namba shufwa Wagisu hufungua msimu wa tohara, imbalu, uwanjani Mutoto mwezi Agosti, na ngoma za kadodi hutembezwa kijiji hadi kijiji kwa wiki nyingi. Ngoma inayobebwa juani na mvuani namna hiyo hupasuka, hulegea na huwambwa upya. Kwa hiyo kutoka Jinja hadi Mlima Elgon hakuna uhaba wa mikono inayoijua ngozi mbichi.

Ngozi mbichi ndiyo yenyewe. Hapa watu wengi hukosea mwanzoni, wakadhani ngozi ni ngozi tu. Ngozi iliyotiwa dawa kiwandani, ile ya viatu na mikoba, imefanywa iwe laini na ikubali kunyumbuka. Ukiibandika mgongoni mwa upinde itanyooka pamoja na mti bila kuuzuia chochote, nao mti utapasuka chini yake kwa amani. Ngozi mbichi ni ile iliyochunwa, ikaondolewa nyama na mafuta, ikalowekwa kwenye maji ya chokaa au majivu hadi manyoya yaachie, ikaparwa na kukaushwa ikiwa imekazwa kwa vigingi. Haijabadilishwa tabia. Ikilowa inakuwa teketeke, ikikauka inasinyaa na kuwa ngumu, na nyuzi zake zimesukana pande zote kama mkeka, hivyo hazina njia moja ambayo ufa unaweza kuifuata. Mti nyuzi zake zimelala upande mmoja. Ufa ukianza kwenye mti una barabara. Ukifika kwenye ngozi barabara inakatika.

Swali ambalo wachonga pinde hubishana juu yake ni hili: je, ngozi inauongezea upinde nguvu? Jibu langu ni hapana, au ni kidogo mno kiasi cha kutohesabika. Ngozi ya mbuzi iliyoparwa vizuri na kukauka ina unene wa milimita moja hivi au pungufu. Haiwezi kuurusha mshale mbali zaidi. Ina uzito, na uzito wowote unaoongezwa karibu na ncha za upinde huupunguzia mwendo, kwa sababu ncha ndizo zinazosafiri umbali mrefu zaidi upote unapoachiwa. Fundi mwenye akili huipara ngozi iwe nyembamba zaidi kuelekea nchani. Anachonunua ni msamaha. Upinde wenye kifundo kidogo mgongoni, au mahali ambapo kisu kilipita kikakata nyuzi za mti, ungeweza kuvunjika siku ya kwanza. Ukifunikwa ngozi, uzi ule unakandamizwa usinyanyuke, na upinde unaweza kuishi miaka.

Kano ni habari nyingine kabisa, na ni vizuri kuitenga. Mti mkavu ukinyooshwa zaidi ya kiasi cha asilimia 1 ya urefu wake huwa umekaribia kukatika. Kano za mnyama hustahimili mara kadhaa ya kiasi hicho na kurudi zilipokuwa. Ndiyo maana watengenezaji pinde wa Uturuki na Mongolia walitwanga kano za miguu na mgongo wa mnyama, wakazichambua kuwa nyuzi, wakazibandika kwa gundi mgongoni mwa upinde mfupi wa mti, na tumboni wakaweka pembe. Upinde huo mfupi hutenda kazi ya mrefu, na mpanda farasi anaweza kuutumia bila kugonga shingo ya farasi wake. Hapo ngozi hupewa kazi ya koti: tabaka jembamba la ngozi au gamba la mti hufunika kano zisiingiwe na unyevu.

Unyevu ndio adui. Gundi ya zamani ya kazi hii huchemshwa kutokana na ngozi na kano zenyewe, na ikipata maji hulainika. Kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, lilikutwa na pinde za mti mmoja na pinde za kuunganishwa pia, zikiwa zimehifadhiwa na ukavu wa jangwa kwa zaidi ya miaka 3,000. Mto unaopita huko Misri ni uleule unaotoka ziwani hapa Jinja. Lakini hewa ya Jinja siyo ya Misri. Mvua za Busoga huja mara mbili kwa mwaka, ziwa liko jirani, vinamasi viko kila bonde. Wachonga pinde wa ughaibuni hupendelea mti wenye unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Ubao ulioachwa kwenye banda la Buwenge haushuki chini ya asilimia 12 kirahisi hata ukingoja mwaka. Upinde wa kano na gundi ya ngozi ungehitaji kulelewa hapa. Mtu mwenye shamba la kulima na fisi wa kufukuza hana muda wa kulea silaha.

Sidhani basi kwamba watu wa huku walikosa maarifa. Walikuwa na ngozi, walikuwa na gundi ndani ya ngozi hiyohiyo, walikuwa na mikono ya kuwamba. Walichofanya wachonga pinde wengi wa Afrika Mashariki ni kumaliza tatizo kabla halijaanza, pale porini wanapochagua mti.

Ukichukua mche mwembamba ulionyooka, ukauchonga kwa kufuata umbo lake bila kukata nyuzi za nje, mgongo wake unabaki mzima kuanzia ncha hadi ncha. Haujakatwa popote, ufa hauna pa kuanzia. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huko Tanzania hufanya hivyo hadi leo. Pinde zao ni ndefu, za mviringo, na hazitaki mchezo: mtu mzima asiyezoea anaweza kushindwa kuuvuta upote hadi kifuani. Upote wenyewe ni wa kano za wanyama wakubwa. Ngozi ipo kwenye pinde hizo, lakini haikubandikwa mgongoni. Utaona vipande vyenye manyoya vimezungushwa kama pete hapa na pale. Macho ya mgeni huona pambo. Pete ya ngozi mbichi ikivalishwa ikiwa imelowa husinyaa inapokauka, ikaubana mti kwa nguvu ambayo uzi wa kufunga kwa mkono hauwezi kuifikia. Ni kanuni ileile inayotumika vijijini kwetu kwenye mpini wa kisu uliopasuka: unakata kipande cha mkia wa ng'ombe aliyechinjwa, unauvisha mpini kama soksi, unauacha kivulini, na baada ya siku chache mpini umekuwa mzima kuliko ulivyonunuliwa.

Wataita wa Tsavo wasikasirike, lakini wababe wa upinde nchini Kenya walikuwa jirani zao, Wawaata, ambao vitabu vya wakati wa ukoloni viliwaita Waliangulu. Hao waliwinda ndovu kwa mshale wenye sumu ya mti wa Acokanthera, na pinde zao zilipopimwa baadhi zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuzivuta. Hiyo ni daraja ya pinde za vita za Uingereza. Meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, ilikutwa na zaidi ya pinde 130 nzima, na nazo hazikubandikwa kitu. Waingereza walikuwa na bahati ya mti wa yew, ambao tabaka lake jeupe la nje hupenda kunyooshwa na kiini chake chekundu hupenda kubanwa. Mti umejibandika wenyewe. Mchonga upinde anachotakiwa ni kupasua gogo ili kila kipande kibaki na matabaka yote mawili, asilikate la nje.

Wawaata hawakushindwa na mti wala upote. Walishindwa na sheria. Hifadhi ya Tsavo iliundwa mwaka 1948, na kampeni kubwa dhidi ya uwindaji haramu iliyoongozwa na David Sheldrick katikati ya miaka ya 1950 iliwapeleka wengi wao jela. Mwaka 1960 ulianza mpango wa Galana, ulionuia kuwapa nafasi ya kuwinda kwa kibali, lakini maisha yao ya zamani hayakurudi. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote. Vijana wao wakaingia mashambani na mijini, na pinde zikaingia kwenye makabati ya majumba ya makumbusho.

Magharibi ya Uganda, ng'ambo ya mpaka, msitu wa Ituri unatoa mfano wa upande mwingine kabisa. Huko kila kitu kinachoviringwa kwa kano kitalegea kabla ya saa sita mchana. Wambuti na Waefe hutumia upinde mdogo, na upote wao ni ubapa wa mmea mtambaazi, ambao mvua haiulegezi. Ngozi ya mnyama wameiweka mahali pengine: ngozi ya tumbili, iliyoshonwa kuwa mto mdogo, hufungwa kwenye kifundo cha mkono ili upote unaporudi usimchape mpigaji. Nadhani hapo ndipo ngozi ilipopata kazi yake bora zaidi katika sanaa yote ya upinde wa Afrika ya kati na mashariki: kwenye mkono, kwenye podo la mishale, kwenye pete ya kukaza. Mgongoni haikuhitajika.

Tanganyika iliwahi kutembelewa na watu wa ngozi mgongoni. Mwaka 1911 mji wa Oroville, California, ulimpokea mtu aliyetoka milimani peke yake, wa mwisho wa jamii yake ya Wayahi. Wasomi wa huko wakamwita Ishi. Daktari wake, Saxton Pope, akawa mwanafunzi wake: akajifunza kuchonga upinde, kubandika kano za paa mgongoni, kuchonga ncha za mawe. Ishi alifariki mwaka 1916. Mwaka 1923 Pope alichapisha kitabu kuhusu uwindaji wa upinde, na ndani yake akaeleza namna ya kubandika ngozi mbichi ya ndama mgongoni mwa upinde wa yew ambao mchongaji hauamini sana. Miaka miwili baadaye, mwaka 1925, yeye na mwenzake Art Young walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Walifanikiwa kuwaua kadhaa, huku bunduki za wenzao zikiwa karibu kwa ajili ya simba ambao hawakukubali mpango huo. Pope aliandika kitabu cha safari hiyo, akafariki mwaka 1926. Mapenzi ya leo ya kubandika ngozi, pamoja na ile mifupa ya mbwa, yametokana kwa sehemu kubwa na kurasa za daktari huyo. Katika nchi aliyokuja kuwinda kulikuwa na watu waliokuwa wakifanya kazi hiyohiyo kwa mti mtupu, na wao hawakualikwa kutoa maoni.

Upinde haujafa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi walipoanzisha sungusungu dhidi ya wezi wa ng'ombe, walitoka na pinde na mishale, si za maonyesho.

Tuseme sasa kijana wa Buwenge ameamua kuchonga upinde wa kulengea shabaha, na kwamba mti alioupata una kasoro. Amechukua ubao kutoka kwa seremala, umepasuliwa kwa msumeno, nyuzi zimekatwa kando. Upinde wa ubao wa msumeno ndio hasa unaohitaji ngozi. Afanyeje?

Ngozi ya mbuzi inamtosha. Uganda haina upungufu wake. Mbuzi wa Mubende wanasifika kwa ubora wa ngozi zao kuliko hata kwa nyama. Ngozi ya uti wa mgongo wa mnyama ndiyo nene na yenye unene uliolingana, ya tumboni hulegea. Ukanda ukatwe kwa urefu wa mnyama, kuanzia shingoni kwenda mkiani. Mbuzi ni mfupi kuliko upinde, kwa hiyo zinahitajika kanda mbili zinazokutana kwenye mshiko, mahali ambapo upinde haupindi. Kuziunganisha popote pengine ni kutengeneza kasoro mpya kwa gharama yako.

Mti uoshwe kwa maji ya majivu au sabuni, ukauke, usiguswe tena kwa vidole. Jasho na mafuta ni maadui wa gundi. Mafundi wa ngoma hawana shida na jambo hili kwa kuwa ngoma haigandishwi, inavutwa. Hapa ndipo kazi hizi mbili zinapoachana. Mwamba ngoma huvuta ngozi kwa nguvu zake zote, anakaza, anapigilia, kwa sababu sauti iko katika mvuto. Anayebandika upinde hailazimishi ngozi. Anailaza ikiwa imelowa, anatoa mapovu ya hewa kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, na kusinyaa kwake wakati wa kukauka kunamtosha. Akiivuta kama ngoma, itakaposinyaa itajaribu kujibandua kingoni.

Gundi anaweza kuipika mwenyewe kwa vipande vinavyobaki. Vilowekwe usiku kucha, vipashwe moto kwa muda mrefu bila kuchemka. Kiasi cha nyuzi 60 za Selsiasi kinafaa, na ikitokota inapoteza nguvu. Ikichujwa na kupoa inaganda kama uji mzito wa jana. Kwanza apake mti gundi nyepesi mara mbili tatu hadi mti ushibe, ndipo aweke ngozi, upande uliokuwa na nyama ukilala kwenye mti, kwa kuwa ndio wenye nyuzi za kushikana. Asiyetaka harufu jikoni atumie gundi nyeupe ya maseremala. Watu wa jadi watanuna. Gundi hiyo haijali unyevu wa Busoga kama ile ya kupikwa, na mimi ningeichagua bila aibu.

Kisha afunge upinde wote kwa ukanda wa kitambaa, kama bandeji. Kishawishi kitakuwa kukata mpira wa tairi la ndani la baiskeli, ambao kila fundi wa hapa anao na ambao unakaza vizuri kuliko kitu chochote. Auache. Mpira haupitishi maji, na maji yaliyo kwenye ngozi lazima yapate pa kutokea. Baada ya siku kadhaa afungue kitambaa, apare kingo, aache tena. Ngozi itaonekana kavu mapema, ilhali mti chini yake umekunywa maji na unahitaji wiki mbili au zaidi kuyatoa. Anayeharakisha kuuvuta upinde katika kipindi hicho anaupindisha ukiwa laini, nao hautanyooka tena.

Watu wa Elgon wana chaguo ambalo kwa ufundi mtupu linaishinda ngozi: mwanzi. Ubapa wa mwanzi mgongoni una nyuzi ndefu ajabu na hauogopi kunyooshwa. Wagisu wanaujua mwanzi wa mlimani hasa kwa kuula, machipukizi yake yakikaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Sehemu kubwa ya mianzi hiyo iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon tangu mwaka 1993, na kuingia na panga huko kuna taratibu zake.

Taratibu zinanirudisha kwa kenge na chatu. Ngozi ya nyoka ndiyo inayopendwa zaidi na wabandikaji wa ughaibuni, na ndiyo isiyo na kazi. Ni nyembamba mno kuzuia ufa. Inazuia unyevu kidogo, iliyobaki ni urembo. Ngozi ya kenge ni bora kidogo, ngumu kwa unene wake, na ndiyo maana engaabe inalia vile. Lakini kenge wa Mto Nile na chatu wa Afrika wote wako kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1991, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kumiliki sehemu yoyote ya mnyama wa porini bila kibali. Fundi wa ngoma anayeshikilia ngozi ya kenge bila karatasi yuko hatarini kisheria, ingawa babu yake aliitumia bila kuulizwa. Miwa nayo imekula vichaka vingi vya Busoga, na kenge amebaki vinamasini. Wapo wanaowamba engaabe kwa ngozi ya mbuzi sasa. Wapigaji wazee husema sauti si ileile, na masikio yangu yanakubaliana nao. Kwa engaabe kuna hasara ya kweli na hoja ya kuzungumza na wenye mamlaka juu ya vibali vya wapiga ngoma. Kwa upinde hakuna hoja yoyote. Mbuzi anafanya kazi yote ambayo chatu angefanya, na zaidi.

Jambo moja fundi wa ngoma atalazimika kulisahau akigeukia pinde. Ngoma ikilegea kwa unyevu jioni, huwasha nyasi kavu au kuisogeza karibu na makaa, ngozi ikakaza, sauti ikarudi. Ni mazoea ya mwili, yanafanywa bila kufikiri. Upinde uliobandikwa kwa gundi ya kupikwa ukisogezwa kwenye moto huo gundi italegea, ngozi itasinyaa na kujikunja kutoka nchani, na mti utakauka upande mmoja kuliko mwingine. Ukilowa, ufungue upote, uuning'inize kivulini mahali penye upepo, chini ya paa lakini mbali na jiko, na uusubiri hadi ngozi irudi kuwa ngumu ukiigonga kwa ukucha. Katika mwezi wa Aprili hapa Buwenge hiyo inaweza kuchukua wiki nzima.